Jambo Lililowekwa Mezani

Swali ni kitu kidogo, lakini likibaki kooni huvimba kama kunde zilizolowekwa, mpaka mwenye nalo akashindwa hata kumeza mate. Waliotutangulia waliliona hilo, wakatuachia methali kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Maana yake ni kuwa mtu anayeficha kutojua kwake hulala nako na kuamka nako, na siku ya malipo ikifika halipi peke yake. Hulipa pamoja na jirani zake. Kisa cha Bi Verdell Gaskins, mwalimu wa watoto wadogo katika mji wa Tarpley, jimbo la Alabama, kinatosha kuwa ushahidi.

Watu weusi wa Tarpley walikaa ng'ambo ya reli, mahali palipoitwa Bondeni, na jina halikuwa la mzaha. Mvua iliponyesha, chochote kilichomwagwa mitaa ya juu kiliteremka kwao. Mitaa hiyo ya juu ilikuwa na mabomba ya majitaka tangu zamani. Bondeni walikuwa na vyoo vya shimo, na mvua kubwa ikija, vyoo hivyo vilifurika vikatoka kuwasalimia watu barazani. Katika nyumba ya mwisho kabisa, karibu na kijito, alikaa Shangazi Tempie. Alikuwa shangazi wa marehemu mume wa Bi Verdell, ajuza mwembamba mwenye ulimi mkali kama wembe mpya. Kiangazi kilichopita alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa tumbo, akarudi amebaki mifupa na maneno. Daktari alimwambia waziwazi kuwa kisima chake kimeingiliwa na uchafu, na kwamba akiugua tena asitumaini kurudi.

Kwa hiyo mwaka 1974, Bi Verdell aliposimama kugombea udiwani, alikuwa na ahadi moja tu: bomba la majitaka lifike Bondeni. Hakuwa msemaji. Mikono ilimtetemeka kila aliposhika kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Lakini karibu kila mtu wa Bondeni mwenye umri chini ya miaka thelathini alikuwa amefundishwa kusoma na yeye, na hao walipiga kura. Akashinda kwa kura chache, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kukaa katika baraza la mji ule tangu mji uwe mji. Jumapili iliyofuata, kanisa la Baptisti la Mlima Pisga liliimba mpaka vioo vya madirisha vikalia.

Baada ya ibada, Shemasi Purvis alimvuta kando. Mzee huyu alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Zamani, alipokwenda kujiandikisha kupiga kura, karani Mzungu, ili kumzuia, alimwuliza kipande cha sabuni kina mapovu mangapi, na alipokosa jibu akarudishwa nyumbani. Tangu siku hiyo swali kwake lilikuwa jiwe, na jiwe huwa mkononi mwa mtu mwingine.

"Dada Gaskins," alimwambia kwa sauti ya chini, "huko unakokwenda usiwe na maswali. Mzungu akiuliza, ameuliza yeye. Wewe ukiuliza, tumeuliza sisi sote."

Bi Verdell aliyafunga maneno hayo moyoni kama mtu anavyofunga akiba katika pindo la nguo. Ajabu ni kwamba darasani kwake aliimba wimbo mwingine kabisa. Huko, mtoto aliyejifanya ameelewa ndiye aliyekemewa. "Kama hujaelewa," aliwaambia watoto kila asubuhi, "nyoosha mkono mpaka kwapa lione jua." Watoto walicheka, wakanyoosha. Yeye mwenyewe, barazani, mikono aliificha chini ya meza.

Miezi ya kwanza ilimpita kama ndoto ya mtu mwenye homa. Madiwani walikuwa watano, na Meya aliyeendesha vikao hakupiga kura. Walizungumza lugha ile ile aliyozaliwa nayo, lakini maneno yao yalivaa nguo asizozijua. Kulikuwa na hoja juu ya hoja, na marekebisho ya marekebisho. Bi Verdell alitikisa kichwa kwa kila neno kama mjusi juu ya ukuta, halafu akarudi nyumbani na kukaa jikoni bila kuwasha jiko, akijiuliza ni nini hasa alichokuwa amekubali.

Mkutano wa Julai ndio uliokuwa wake. Serikali ya jimbo ilikuwa tayari kutoa sehemu kubwa ya fedha za bomba, mradi baraza la Tarpley liseme ndiyo kabla ya Agosti kwisha. Bi Verdell alisimama, akaeleza habari ya vyoo na visima, akataja kuugua kwa Shangazi Tempie bila kutaja jina. Bwana Ledbetter, mwenye duka la dawa, Mzungu mpole aliyekuwa rafiki yake pekee katika meza ile, akamuunga mkono. Kisha Bwana Crenshaw, mwuza mbegu na mbolea, akakohoa kidogo.

Crenshaw hakuwahi kumwita kwa heshima. Siku zote alimwita Verdell, kavu, kama mtu anayemwita mtumishi wa nyumbani. Siku hiyo alitabasamu.

"Bi Gaskins amesema vizuri," alisema. "Jambo hili ni zito. Napendekeza liwekwe mezani."

Moyo wa Bi Verdell uliruka kama samaki. Ili kuelewa furaha yake, ni lazima kuijua meza ya Mlima Pisga. Pale mbele ya mimbari ilikaa meza ya mbao nyeusi, na sadaka hazikupitishwa kwa sahani. Watu waliinuka wakaandamana mpaka mezani, wakaweka mbele ya macho ya wote. Na katika mkutano wa kanisa wa kila mwezi, mwenye shida aliambiwa aiweke mezani. Shida iliyokwisha wekwa pale haikuondoka mpaka kila aliyetaka kusema amesema, hata kama kuku wa chakula cha jioni wangeungua majumbani. Kuweka jambo mezani, kwa mtu wa Mlima Pisga, kulikuwa ni kulipatia heshima yake yote. Na sasa Crenshaw, Crenshaw yule yule, alikuwa anataka shida ya Bondeni iwekwe mezani.

Meya aliuliza nani wanakubali. Bi Verdell ndiye aliyetangulia kuinua mkono, kisha Crenshaw, kisha rafiki yake Crenshaw aliyekaa kushoto kwake. Bwana Ledbetter aligeuka akamtazama Bi Verdell kama mtu aliyemwona paka akipanda mti kinyumenyume. Yeye alisema hapana. Na mzee Hollis, mfugaji wa ng'ombe aliyekaa barazani muda mrefu kuliko wote, naye alisema hapana. Lakini Hollis alisema hapana kwa kila kitu kilichonukia gharama, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Meya aligonga rungu lake dogo. Jambo limewekwa mezani, alitangaza, na mara akaingia katika habari za mbwa wanaozurura. Bi Verdell aliketi akingoja. Mbwa walijadiliwa wakaisha. Taa za barabarani zikajadiliwa zikaisha. Aliitazama ile meza, aliona vikombe vya kahawa na kofia ya Hollis, wala hakuona bomba. Mkutano ukafungwa. Labda muda umekwisha, alijifariji. Labda wataanza nalo mwezi ujao. Alipotoka nje alimuaga Ledbetter, lakini yule bwana alikuwa amekwisha mpa kisogo.

Kesho yake, dereva wa Crenshaw alisimamisha gari mbele ya nyumba yake Bondeni, mchana kweupe, akateremsha kapu la mapichi mabivu yanayonukia mpaka barabarani. Alisema bosi wake anamshukuru Bi Gaskins kwa busara yake. Bi Verdell alipigwa na butwaa. Hakujua kuwa alikuwa anavikwa kilemba cha ukoka. Alidhani huenda moyo wa mtu unaweza kulainika, kwa kuwa Biblia inasema hivyo, akayagawa mapichi kwa majirani, na yaliyo matamu zaidi akampelekea Shangazi Tempie.

Alhamisi gazeti la mji likatoka. Liliandika kwa ufupi kuwa baraza limeliweka mezani bomba la Bondeni, na kwamba Bi Gaskins amepiga kura pamoja na Bwana Crenshaw. Kuanzia hapo, dunia ilianza kumwendea upande. Vijana aliowafundisha kusoma walivuka barabara walipomwona. Jirani mmoja alirudisha mapichi yakiwa na alama ya jino. Jumapili, benchi lake la kanisani lilibaki wazi pande zote mbili kana kwamba ana ukoma, na nyuma yake mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, kuwa leo kanisa linanukia mapichi. Shemasi Purvis ndiye aliyeongoza sala. Aliomba kwa ajili ya wagonjwa, akaomba kwa ajili ya wasafiri, kisha akaanza kumwombea Esau. Alimwombea kirefu. Alimweleza Mungu jinsi Esau alivyouza haki yake kwa chakula cha mara moja, kama kwamba Mungu alikuwa hajasikia habari hiyo. Watu waliitikia kwa nguvu. Bi Verdell naye aliitikia amina, huku akijiuliza Esau ameingiaje katika mwezi wa Julai.

Hakuna aliyemwuliza chochote. Naye hakumwuliza mtu.

Jioni hiyo Shangazi Tempie alifika jikoni kwake, akaketi bila kukaribishwa, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na kokwa tupu.

"Mapichi nimekwisha kula," alisema. "Mungu anisamehe, yalikuwa matamu. Nimekurudishia kilichobaki. Sasa niambie, mwanangu, wamekupa ngapi?"

"Wamenipa nini, Shangazi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Bi Verdell alieleza kwamba hajapewa kitu, kwamba alilisemea bomba kwa moyo wake wote, kwamba hata kura alipiga ili liwekwe mezani.

"Ndivyo gazeti linavyosema," Shangazi alijibu. "Na wajuao kusoma magazeti wanasema bomba limezikwa."

"Litazikwaje na liko mezani?"

Walitazamana. Shangazi Tempie alizisogeza zile kokwa kwa kidole, moja huku, moja kule.

"Basi hapo pana meza mbili," alisema taratibu. "Iko ya kwetu na iko ya kwao. Hiyo ya kwao hufanya nini na kitu kikiwekwa juu yake?"

"Sijui."

"Si uulize?"

"Siwezi, Shangazi."

Akamweleza, kwa sauti iliyokuwa ikizama, yote aliyokuwa ameyafunga moyoni. Wangemcheka. Wangesema tuliwaambia, hawa si watu wa kukaa barazani. Msichana mwingine yeyote wa Bondeni akisimama kesho kugombea, wangekumbushana juu ya mwalimu aliyekuwa hajui hata maneno ya mkutano. Shangazi Tempie alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza machozi.

"Nilipolazwa," alisema, "walinipa dawa za kila rangi, nikazidi kuisha. Kisha akaja daktari kijana, hata ndevu hana, akaniuliza maji nayachota wapi. Basi. Swali moja tu, la mtoto. Asingeuliza, mngekwisha kula matanga yangu." Aliinuka akishikilia ukingo wa meza. "Sasa wewe uogope kuchekwa, na mimi nife ili heshima yako ibaki safi? Sawa. Lakini niambie mapema, ninunue viatu vya kuzikiwa."

Aliondoka, akaziacha kokwa mezani.

Siku zilizofuata Bi Verdell alitembea kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Mara alisadiki kuwa Shangazi amekosea, mara akaona kuwa yeye ndiye amekosea, mara akaona kuwa gazeti, kanisa na baraza wote wamekosea kwa namna tofauti. Siku moja alijikaza kisabuni, akaingia dukani kwa Bwana Ledbetter akiwa na swali tayari kwenye ncha ya ulimi. Ledbetter aliinua macho, akamwuliza kwa baridi amsaidie nini. Bi Verdell alionyesha kwa kidole chupa ya kwanza aliyoiona. Alitoka na dawa ya kichwa ambayo hakuwa ameikusudia, lakini kwa kuwa kichwa kilikuwa kinamuuma kweli, aliinywa.

Mkutano wa Agosti ulipofika, watu wa Bondeni walijaa viti vya nyuma. Hawakuja kumshangilia. Walikuja kumtazama, jambo ambalo ni zito zaidi. Shangazi Tempie alipita mpaka mstari wa mbele akiwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya mpira vilivyojaa tope la uani kwake, akaketi, akanyoosha miguu ili kila diwani aione. Harufu ilifanya kazi yake polepole.

Mambo yalisomwa moja baada ya jingine. Bomba halikutajwa. Bi Verdell alingoja lipate zamu yake mpaka Meya alipofunga karatasi zake na kuuliza kama kuna lingine. Aliuliza kama mtu anayetafuta kofia yake. Rungu lilikuwa limekwisha inuliwa.

Hapo Bi Verdell aliona mkono wake ukitoka chini ya meza. Baadaye alisema kuwa hakuutuma. Ulipanda kama mkono wa mtoto wa darasa la pili, moja kwa moja, mpaka kwapa likaona taa. Mtu mmoja nyuma alicheka. Madiwani hawakuwa na desturi ya kunyoosha mikono hivyo, na Meya alibaki na rungu hewani.

"Nina swali," alisema. Sauti ilikuwa ile ile nyembamba, lakini chumba kilikuwa kimya, ikatosha. "Mwezi uliopita nilikubali jambo la Bondeni liwekwe mezani. Kanisani kwetu, kitu kikiwekwa mezani watu hukijadili. Nimekaa nangoja. Naomba kuambiwa, hapa kwenu, kuweka mezani maana yake nini?"

Nyuma, Shemasi Purvis alifumba macho kama mtu aliyeona gari likimjia.

Meya alijikuna shingo. Alieleza kuwa hapa, kuweka jambo mezani ni kuliweka kando. Halijadiliwi tena mpaka mtu aombe litolewe na wengi wakubali. Na lisipotolewa kufikia mwisho wa mkutano unaofuata, limekufa.

"Mkutano unaofuata ni upi?" aliuliza Bi Verdell.

"Ni huu, Bi Gaskins."

Mnong'ono ulipita viti vya nyuma kama upepo katika shamba la mahindi. Watu waligeukiana. Esau, mapichi na gazeti vilianza kujipanga upya vichwani mwao, na wengi hawakupenda namna vilivyojipanga. Crenshaw aliegemea kiti chake akatabasamu, na alipofungua kinywa lile 'Bi Gaskins' la heshima lilikuwa limekwisha potea.

"Ndiyo shida, Verdell," alisema kwa upole. "Hili ni baraza, si shule ya chekechea. Mtu asiyejua maana ya kura yake angeachia wanaojua."

Maneno yalimchoma Bi Verdell mpaka kwenye mfupa, kwa kuwa ndiyo yale yale aliyokuwa akiyaogopa tangu siku ya kwanza. Aliyangoja yamuue. Hayakumuua. Na kabla hajajua la kusema, mzee Hollis aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Ngoja kwanza," alisema. "Meya, kwa hiyo mimi niliposema hapana, nilikuwa nimesema nini?"

"Ulisema lisiwekwe kando, Bwana Hollis."

"Mimi?"

"Wewe."

"Lakini mimi nilitaka life."

"Ulijaribu kuliokoa, bwana."

Chumba kizima kiliangua kicheko, weusi kwa weupe, na Shangazi Tempie alipiga viatu vyake vya mpira sakafuni mpaka tope likaruka. Hollis hakucheka. Aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akamgeukia Crenshaw polepole.

"Nimekaa kiti hiki kabla wewe hujaota meno ya pili," alisema. "Ni mambo mangapi umeyaweka mezani nami nikisema hapana, nawe ukininunulia kahawa tukitoka bila kuniambia kitu?"

Crenshaw alianza kusema kuwa hilo si suala la leo. Bi Verdell, aliyekuwa bado amesimama, alisema kwa haraka kabla ujasiri haujamtoroka kwamba anaomba jambo la Bondeni litolewe mezani. Ledbetter aliunga mkono kwa sauti kubwa isiyo ya kawaida yake. Kura ikapigwa. Walikuwa wawili kwa wawili, na macho yote yakamwendea Hollis.

"Litoke," alisema Hollis. "Sijasema nalipenda. Nataka kusikia kitu nilichokuwa nakikataa."

Basi, kama mtu aliyeonja asali uzeeni, Hollis alianza kuuliza. Nani analipa? Ledbetter alimjibu kuwa sehemu kubwa ni ya jimbo. Bomba litapita wapi? Kando ya reli. Je, barabara yake itachimbwa? Haitachimbwa. Kila jibu lilimfanya atulie kidogo, kisha lilimzalia swali jingine. Mwishowe akauliza, si kwa huruma bali kwa ile tabia ya mfugaji ya kufuatilia maji:

"Huo uchafu wenu ukifurika, unakwenda wapi?"

Bi Verdell alimgeukia Shangazi Tempie, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya mwisho. Ajuza alisimama na viatu vyake.

"Unaingia kijitoni, Bwana Hollis."

"Kijito kipi?"

"Kile kile. Kikitoka kwangu kinapita chini ya daraja, kinaingia kwako. Ng'ombe wako nawaona kila asubuhi wakinywa. Huwa nawahurumia."

Watu walisema baadaye kuwa ilikuwa mara ya kwanza kumwona Hollis akikosa hata hapana.

"Miaka yote hii?" aliuliza mwishowe. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?" alijibu Shangazi Tempie, akaketi.

Bomba la Bondeni lilipita kwa kura tatu dhidi ya mbili. Meya alipogonga rungu, Bi Verdell hakuruka wala hakulia. Aliduwaa. Adui aliyempa mapichi alikuwa amemzika, mzee aliyetaka kumzika alikuwa amemwokoa, na kama angetaka kumshukuru mtu kwa haki, ilionekana ni lazima aanzie kwa ng'ombe.

Ngazini, Bwana Ledbetter alimfuata kofia ikiwa mkononi. Alitaka kujua kwa nini hakumwuliza yeye, siku ile dukani.

"Na wewe," alisema Bi Verdell, akishangaa kuisikia sauti yake, "mbona hukuniuliza kwa nini niliinua mkono?"

Walisimama pale kitambo, watu wawili wazima, wakiwa kama watoto waliovunja chungu kimoja.

Jumapili iliyofuata benchi lake lilijaa mpaka ikabidi wengine wasimame. Shemasi Purvis alikuja mbele, si kwenye mimbari bali kwenye ile meza nyeusi, akaweka viganja vyake vyote viwili juu yake. Alisema kuwa mwezi mzima alimwombea Esau ilhali angeweza kuvuka barabara na kugonga mlango. Bi Verdell alitazama mikono ile ya mzee, iliyowahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mapovu ya sabuni, na hakuweza kujua kama alichokihisi ni hasira au mapenzi. Huenda vilikuwa vyote viwili, vimekaa benchi moja.

Majira ya kuchipua, mashine zilifika mpaka nyumba ya mwisho. Shangazi Tempie aliweka kiti chake kando ya mtaro, akawauliza wachimbaji juu ya kila bomba na kila kiungo, mpaka msimamizi wao akaomba ahamishiwe mtaa mwingine. Barazani nako mambo yaliharibika kwa namna njema. Bi Verdell alinyoosha mkono kila neno lilipomkwaza, na Hollis alipomwona naye alinyoosha wake, na vikao vikarefuka hata Crenshaw akalalamika kuwa siku hizi anakula chakula cha jioni kikiwa baridi. Alipomlalamikia Meya, alimtaja Bi Gaskins kwa jina lake la heshima, nusu kwa hasira na nusu kwa mazoea.

Mwanamke yule hakuingia barazani akiwa mjinga, wala wenzake waliokaa humo miaka mingi hawakuwa werevu kwa kukaa. Wote walitikisa vichwa kwa maneno wasiyoyajua, mpaka mkono mmoja uliotetemeka ulipopanda juu na kuwafundisha wote kwa pamoja, Mzungu na mweusi, diwani na shemasi, kwamba kweli asiyeuliza hanalo ajifunzalo.